Bushi Zenye Mstari

Kaaga, Meru
9 Machi 2025

Wanja rafiki yangu,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Ndani ya sanduku utapata bushi za lile gari la Evolution la mteja wako wa Runyenjes, seti nzima ya mikono ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Zote ni zambarau, zote za ugumu ulioutaka. Mwambie azipake grisi niliyotia kwenye kikopo kabla ya kuzisukuma ndani, asije akasema Kathambi kampa vitu vinavyolia kama mlango wa jikoni.

Najua umenuna. Juma zima umenipigia simu ukitaka nizitoe mapema, nami nimekataa. Wewe mwenyewe ni dereva wa mashindano, unajua watu wanatujia kwa nini. Bushi ya mpira wa kawaida hulegea pale inaposhika mkono wa gurudumu, gari likaanza kuogelea kwenye kona. Poliurethani, plastiki yetu ngumu, haiogelei. Lakini ikitoka kwenye oveni huwa imekomaa kwa nje tu, ndani bado ni mtoto. Baba alikuwa akizilaza kwenye rafu chini ya kitambaa mpaka Jumapili ya pili ipite, na tangu tumzike sijabadilisha kitu. Haraka haraka haina baraka, na kwa gari la mbio haina hata gurudumu.

Mzee Naftaly anakusalimu. Ni yeye aliyezimwaga hizi kwenye kalibu. Alianza kumwaga na baba nikiwa nabebwa mgongoni, na bado anaimba wimbo wa kanisani kila anapoinamisha ndoo, eti ili mapovu yasiingie.

Usinicheke kwa kuandika barua wakati simu iko mfukoni. Unajua alivyosema baba: sanduku lisilo na barua ni mgeni asiyebisha hodi.

Mungu akutangulie barabarani,
Kathambi


Dallas, Embu
21 Machi 2025

Kathambi wa Kiunga,

Mimi kununa? Nililia kabisa! Yule jamaa wa Runyenjes alikuwa akija gerejini kila asubuhi kunitazama kama mtu anayedai mahari. Sasa amezifunga, amekwenda na kurudi Chuka, na amenishika mkono mpaka nikaogopa. Anasema gari limekuwa jipya.

Nimeshinda tena mbio za autokrosi za Mwea. Ule ujanja wetu wa kufanya bushi ya mbele kushoto iwe ngumu kuliko ya kulia unawachanganya wanaume wote. Naingia kona ya kulia mguu ukiwa bado kwenye mafuta, Subaru yangu inakaa chini tu kama kuku anayeatamia. Wakaja kuuliza, "Wanja, umefanya nini hapo chini?" Nikalala kwenye vumbi na tochi nikawaonyesha. Nimechoka kuchafua nguo, dada yangu.

Kwa hivyo nina ombi. Nitengenezee seti moja ya kuonyesha, kila aina unayoitengeneza, niiweke kaunta mtu aishike kwa mkono. Mteja akishika, amenunua.

Halafu jambo dogo. Sanduku limeandikwa Kiunga, jina la baba yako, risiti imeandikwa Kiunga, hata kikopo cha grisi ni Kiunga. Siku moja mtaandika na Wanja, hata kwa herufi ndogo pale chini, au siyo? Natania. Msalimie Mzee, mwambie aongeze mwendo wa huo wimbo.

Wako wa vumbi,
Wanja


Kaaga, Meru
6 Aprili 2025

Wanja,

Seti ya kuonyesha hii hapa. Nimeichagua mwenyewe, moja moja, na Mzee Naftaly amezifuta kwa shati lake la Jumapili, mke wake asijue.

Mteja akikuuliza atazijuaje zetu, mwonyeshe uso wa chini wa bushi. Kuna mstari mwembamba umekatiza pembeni. Sijawahi kukuambia ulitoka wapi. Baba alikuwa akikereza ile sahani ya chuma inayokaa chini ya kalibu zote, na jirani akaja mbio kutoka hospitalini akipiga kelele kwamba mama amejifungua msichana. Mkono ukateleza ukachora mstari, nao hujichapa kwenye kila bushi. Watu walimwambia aikereze upya, chuma kipo. Akakataa. Alisema huo ndio mstari wa Kathambi, uache utembee. Basi kila gari lililofungwa bushi zetu linatembea na siku yangu ya kuzaliwa chini yake, nami nikikuambia hivi nacheka, lakini siku nyingine huwa sicheki.

Kuhusu jina, umesema unatania, ila nimelifikiria. Bila wewe Embu isingetujua. Ukija tukae na mama tuliongee vizuri.

Mungu akutangulie barabarani,
Kathambi


Dallas, Embu
2 Juni 2025

Kathambi,

Najua nimekuwa kimya, na sipendi kukivunja kwa habari kama hii.

Bushi zinapasuka. Si moja. Wateja wanarudi hapa wakiwa wamezishika mkononi kama jino lililong'oka. Nimekuwekea moja sandukuni ujionee. Tazama ilivyomeguka kwa ndani, na tazama uso wa chini. Mstari upo.

Nimejaribu kuwatuliza. Yupo mmoja, Munyi, kijana wa benki mwenye Subaru ya injini ya tabo, alitaka aje huko Kaaga mwenyewe. Nimemzuia.

Sitaki kumsingizia mtu. Lakini nikuulize, rafiki yangu, nani anazitoa kwenye oveni ukiwa umekwenda sokoni au kanisani? Mzee Naftaly ana umri. Mkono unachoka, macho yanachoka, na mtu akichoka huona bora kazi iishe. Pengine hazilali siku hizi kama unavyofikiri. Mimi sijasema kitu. Nauliza tu kama mtu anayekupenda.

Wanja


Kaaga, Meru
15 Juni 2025

Wanja,

Nimeiona. Nilipoona mstari nilikaa chini kwenye kiti cha baba. Sikuwa na haja ya kuangalia zaidi. Ni yetu, na imemeguka kama mkate wa jana. Ndani ni mbichi kabisa.

Nimemtoa Mzee Naftaly kazini.

Nilimwita, nikamwekea ile bushi mezani, nikamwuliza kama amekuwa akizitoa kabla ya wakati. Aliigeuza, akaitazama. Akasema, "Hii si mimi." Nikamwonyesha mstari. Akarudia, "Hii si mimi, Kathambi." Nikamwambia mstari haudanganyi, na kama si yeye basi ni nani, kwa sababu ndani ya karakana tuko wawili. Alivua aprona, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya oveni, akatoka. Hata malipo yake nilimpelekea mke wake. Amerudi kwao Muthara.

Baba angekuwa hai sijui ningemtazama vipi. Lakini mtu akikaa juu ya hizi bushi anakaa na watoto wake ndani ya gari. Singeweza kumhurumia mmoja niwaue wengine. Nakushukuru kwa kuniambia ukweli, maana wengine wangenyamaza na kunicheka.

Waombe wateja msamaha kwa niaba yangu. Sasa namwaga mwenyewe. Kila aliyepata mbovu nitamtengenezea nyingine bure.

Mungu akutangulie,
Kathambi


Dallas, Embu
11 Julai 2025

Kathambi,

Pole kwa ya Mzee. Ulifanya lililokupasa, usijitese. Watu wataongea kisha watachoka.

Hizo za bure usitume kwanza. Wateja nitawashughulikia mimi hapa.

Kuna lingine ambalo utalisikia tu, bora ulisikie kwangu. Munyi alipata ajali kwenye miteremko ya Nithi akielekea Meru. Gari lilikataa kona likaingia kwenye mtaro. Yuko hai, amevunjika mguu, yuko hospitali hapa Embu. Barabara ile unaijua, inaweza kuwa kitu chochote. Inaweza kuwa mwendo wake.

Nakuomba usije. Familia yake ina hasira, na wakisikia jina la Kiunga sijui watafanya nini. Niachie mimi.

Wanja


Kaaga, Meru
3 Agosti 2025

Wanja,

Nilikuja.

Ungekuwa wewe ungekaa Kaaga unywe chai, mtu akiwa amelazwa kwa sababu ya kazi ya mikono yako? Nilibeba maziwa na ndizi, nikaingia wodini nikijua nitatukanwa. Nikamwambia Munyi, "Mimi ndiye Kathambi Kiunga." Mama yake alisimama. Lakini yule kijana akaniambia, "Karibu dada, keti. Wanja alituambia ulifunga karakana na huwezi kupatikana." Kumbe hasira ya familia ilikuwa kwenye barua yako tu.

Fundi aliyelivuta gari alikuwa amemwekea bushi kwenye mfuko. Nikaomba nikae nazo. Nimekuja nazo nyumbani, na safari hii sikutazama mstari peke yake. Nilizipima. Kisha nikaitoa ile uliyoniletea mwezi wa sita, ile niliyomfukuzia mzee wa watu bila kuipima, nikaipima nayo.

Zote ni ndogo, Wanja. Ndogo kidogo tu, jicho halioni, lakini kipimo kinaona.

Nitakueleza kwa nini, kwa sababu nadhani hata huyo unayefanya naye kazi halijui. Poliurethani ikipoa hujikunyata. Kalibu za baba zilikerezwa pana kidogo ili bushi ikijikunyata ifike saizi yake. Mtu asiye na kalibu zetu, akachukua bushi iliyokwisha kukamilika na kuifanya mfano wa kutengenezea kalibu yake, kitakachotoka humo kitajikunyata tena. Mtoto atatoka mdogo kuliko mama. Atakuwa na mstari wa mama usoni, kila kitu cha mama, ila hajai kwenye nafasi yake, na kazi yake ni kuchezacheza humo ndani mpaka apasuke. Tena akitolewa mapema bila kulala, hamalizi hata msimu.

Bushi zetu hutoka hapa na kufungwa kwenye magari ya watu. Ni mahali pamoja tu duniani zilipowekwa zote, kila aina, mpya na safi, hazijafungwa popote. Kwenye kaunta yako. Zilifutwa kwa shati la Jumapili la Naftaly.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelisema hili neno tangu shule ya msingi bila kujua uzito wake. Uliponiandikia "kama mtu anayekupenda", ulikuwa tayari unajua nani aliyezitengeneza. Uliniletea mtoto wako mbovu ukaniambia ni wangu, nami nikampokea, nikamtupa baba yangu wa pili nje kwa ajili yake.

Simu hupokei. Sawa. Nina swali moja tu, nalo lijibu kwa maandishi: chini ya gari lako mwenyewe kuna zipi?

Kathambi


Dallas, Embu
14 Agosti 2025

Kathambi,

Umeandika kama hakimu, basi nami niseme.

Nani aliyeijulisha Embu bushi za Kiunga? Nani alilala kwenye vumbi na tochi? Wewe ulikuwa Kaaga unasubiri Jumapili ya pili. Wateja walikuwa wanalilia hizo bushi, wanakuja na magari yao mpaka mlangoni, nami nawaambia ngojeni, kuna mzee anaimba. Nilikuomba uongeze kalibu, ukakataa. Nilikuomba upunguze kulaza, ukaniletea maneno ya marehemu baba yako. Nilikuomba jina, ukasema tutakaa na mama. Tulikaa lini?

Mutugi, huyo ninayefanya naye kazi, ana oveni hapa na ana bidii. Tulijaribu. Kila mtu duniani anaiga, hata baba yako hakuivumbua poliurethani. Hatukujua mambo ya kujikunyata. Tungejua tungerekebisha, na sasa tutarekebisha. Munyi amepata nafuu, nimemtembelea pia, usifikiri una moyo peke yako.

Ya Naftaly sikukuambia umfukuze. Soma barua yangu tena. Niliuliza. Mkono uliomtoa ni wako.

Hapo umenikasirikia kwa sababu unajua ni kweli.

Wanja


Muthara
7 Septemba 2025

Kwa Kathambi binti ya Kiunga,

Mimi Naftaly nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi huku tuko salama, miraa imeshika mvua kidogo, mama watoto naye anakusalimu. Hii barua ameandika mjukuu lakini maneno ni yangu.

Ile siku ulikuja hapa na mama yako nilikuambia nimesamehe. Hiyo ni kweli, nimesamehe, kwa sababu hata mimi naomba kusamehewa kila Jumapili. Sukari tulipokea, asante. Tena nilifurahi kujua ni nani alitengeneza hizo vitu, kwa maana nilikuwa nalala nikijiuliza kama mkono yangu imeniibia bila mimi kujua.

Lakini uliniomba nirudi kwa kazi, na hapo nimekataa, usikasirike. Nikuambie kwa nini. Nilikuuliza pale nje kwa ng'ombe, "Kathambi, uliamini ni mimi?" Na wewe hukunidanganya, ulisema ndiyo. Sasa mimi nikisimama kwa oveni nitakuwa nasikia hiyo "ndiyo" yako. Kumwaga inataka mtu ametulia. Mkono ikiogopa inaingiza mapovu, hata ukiimba.

Babako alikuwa akiniachia funguo anaenda harusi hata siku mbili. Yeye hakuwahi kuuliza. Sisemi hivi ili ulie. Nasema ili ujue nilikuwa na nini.

Mwaga pole pole. Inamisha ndoo kwa upande wa dirisha, utaona vizuri.

Ni mimi,
Naftaly


Kaaga, Meru
19 Oktoba 2025

Wanja,

Mwezi uliopita niliagizwa bushi kutoka Embu kwa jina la Mutugi. Subaru ya tabo, seti nzima. Nilitaka kuitupa karatasi kwenye jiko, halafu nikaona mstari wa mwisho wa agizo: mbele kushoto iwe ngumu kuliko ya kulia.

Namjua mtu mmoja tu anayeendesha hivyo. Tuliubuni ujanja huo pamoja, kwenye sakafu ya karakana hii, ukichora kona kwa chaki na Naftaly akituletea chai.

Basi umelijibu swali langu. Zile za kwanza nilizokupa ndizo zilizokuwa chini ya gari lako muda wote huu, na sasa zimechoka, na una mashindano mwezi ujao. Una rafu nzima ya zambarau hapo Dallas. Umeiruka ukaagiza Kaaga kwa jina la mtu mwingine. Za Mutugi ni za kina Munyi. Za roho yako zinatoka kwa Kiunga.

Nimekaa na hilo muda mrefu. Hasira ya kuibiwa nilikuwa nayo tayari, hii ilikuwa nyingine. Ulijua. Tangu bushi ya kwanza mliyoitoa kwenye oveni ya Mutugi ulijua haifai kukubeba, ukaifunga kwenye gari la mtoto wa mwenzako.

Kuhusu Naftaly ulisema kweli. Mkono uliomtoa ni wangu, na nitaishi nao. Hatarudi. Aprona yake bado iko juu ya oveni jinsi alivyoikunja, sijathubutu kuiondoa. Ila wewe ulijua jina la kuniwekea mdomoni, na ulijua kwamba kama kuna mtu nitakayemwamini kuliko yeye, ni wewe. Ndilo linalouma. Imani yangu kwako ingepungua kidogo tu, angekuwa hapa.

Nimekutengenezea. Mama amenishangaa, lakini nikikataa utafunga zile zako, na sitaki kumtembelea mtu mwingine wodini, hata kama ni wewe. Nimemwaga mwenyewe upande wa dirishani. Zimelala mpaka Jumapili ya pili. Nilitamani sana kuzitoa mapema, nakiri, na sikuzitoa. Nimezipima zote, zitajaa kwenye nafasi zake, na hazitapasuka. Grisi iko kwenye kikopo.

Kitu kimoja utakiona ukizigeuza. Uso wa chini ni laini. Ile sahani ya baba inayokaa chini ya kalibu ina pande mbili, na tangu nizaliwe haijawahi kugeuzwa. Nimeigeuza kwa ajili yako, kisha nikairudisha. Za watu wengine zitaendelea kutoka na mstari wao. Zako ni imara kama zingine zote, ila hazitoki kwetu.

Baba alitaka kila sanduku liwe na barua. Hii ndiyo yako ya mwisho.

Kathambi Kiunga